Ile filimbi ya Sikazwe haikuwa ya kuchekwa

LIMBE, Cameroon, Januari 12, 2022. Mali wanaongoza 1-0 kwa penalti ya Ibrahima Koné, Tunisia wanasaka bao la kusawazisha kwenye mechi yao ya Afcon, saa inasoma dakika ya 85. Ghafla mwamuzi Janny Sikazwe wa Zambia anapuliza filimbi ya kumaliza mpira.

Uwanja mzima mdomo wazi. Mpira unarudishwa, anamlima kadi nyekundu El Bilal Touré wa Mali, kisha anamaliza tena sekunde chache kabla ya dakika 90 kutimia. Hakuna cha nyongeza wala nini. Benchi la Tunisia likamvamia.

Vijiweni ikawa ni vicheko na tuhuma. Wapo waliosema kahongwa, wapo waliosema saa yake mbovu. Kumbe tatizo lilikuwa jua. Mechi ilianza saa 8 mchana, katika joto na unyevu wa pwani. Sikazwe alikuja kusimulia kwamba maji aliyokunywa hayakumsaidia kitu, na madaktari walimwambia mwili wake ulikuwa haupoi. Kidogo tu angezimia moja kwa moja.

KOCHA WA JOTO

Ndani kabisa ya kichwa, chini ya ubongo, kuna sehemu ndogo kama lozi inayoitwa haipothalamasi. Kazi yake mojawapo ni kulinda joto la mwili libaki karibu na nyuzi 37. Inapima joto la damu inayopita pale na kupokea taarifa kutoka kwenye ngozi, halafu inatoa maelekezo kama kocha: mishipa ya ngozini itanuke, jasho litoke. Hata kiu inaanzia hukohuko.

Mtu anayekimbia ni jiko. Sehemu kubwa ya nguvu inayotumiwa na misuli hugeuka joto, na mchezaji anaweza kumwaga jasho lita moja hadi mbili kwa saa. Lakini jasho linapoza pale tu linapokauka. Hewa ikijaa unyevu, kama ya Limbe, Dar es Salaam au Tanga, linatiririka tu na mwili unabaki na moto wake.

Hapo damu inagombaniwa. Misuli inaitaka ikimbie, ngozi inaitaka ipoe. Maji yakipungua mwilini, hakuna anayetosheka, na joto linapanda. Likivuka nyuzi 40 ubongo wenyewe unaanza kuyumba: mtu anapepesuka, anajibu ovyo, anakosea hata hesabu ya dakika.

Hatari yenyewe ni kwamba anayezidiwa hajui kama kazidiwa, maana kichwa ambacho kingemwambia asimame ndicho kinachochemka. Mchezaji ana kocha na daktari wa kumtoa. Mwamuzi ndiye bosi wa uwanja, nani atamtoa?

SIYO HOMA

Wengi hukosea hapa. Kwenye homa, haipothalamasi yenyewe ndiyo inayopandisha kiwango cha joto ili kupambana na vijidudu, ndiyo maana paracetamol husaidia. Kwenye kiharusi cha joto kiwango hakijapandishwa, mtambo umeelemewa tu. Vidonge hivyo havisaidii.

Kinachosaidia ni kupozwa haraka. Mpeleke kivulini, mvue jezi, mtumbukize kwenye maji ya baridi kama pipa lipo. Halipo? Mmwagie maji mfululizo, mpepee, muwekee barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena. Kama hajielewi usimnyweshe kitu, atapaliwa. Hospitali lazima, ila kupoza kuanze palepale uwanjani.

Siku ile waamuzi walirudi uwanjani kumalizia dakika zilizobaki, filimbi ikiwa kwa mwamuzi wa akiba. Mali wakatoka, Tunisia wakagoma, matokeo yakabaki 1-0. Sikazwe alipona, na Novemba mwaka huohuo akachezesha Ubelgiji na Canada kwenye Kombe la Dunia Qatar.

Kwenye ndondo za mtaani zinazoanza saa 8 mchana hakuna madaktari wa Afcon. Mara nyingi kuna ndoo moja ya maji na mwamuzi anayechezesha mechi mbili mfululizo. Wikiendi hii akianza kupepesuka au kutoa maamuzi ya ajabu, kabla ya kumzomea, mwangalieni kwanza.