Haki ya Mama Karanga Ufuoni na Nyumbani

Shukrani zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyewatiishia waja Wake bahari na kuwahalalishia mavuvi yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake.

Ndugu Waislamu, ateremkaye ufuoni Gazi, Msambweni au Vanga wakati mitumbwi inaporejea atawaona akina mama wameketi kivulini na mabeseni yao, wakingojea. Hao ndio mama karanga. Hununua tafi, pono na changu wadogo, huwapara magamba, huwakaanga, kisha huwauza jioni ile ile kandokando ya barabara. Kwa nyumba nyingi zisizo na jokofu wala uwezo wa kununua nyama, samaki huyo ndiye kitoweo cha usiku. Anayemdhulumu mama huyu ameigusa sahani ya jirani zake wote.

Dhulma ya kwanza huanzia kwenye deni. Msimu wa Kusi, bahari inapochafuka, tajiri humkopesha mvuvi nyavu au fedha za kulisha watoto. Sharti lake ni kwamba samaki wapitie kwake, kwa bei aipangayo mwenyewe. Wakubwa, pamoja na pweza na kamba, hupelekwa Mombasa na mahotelini. Mama karanga huambulia masalio, au hurejea na beseni tupu. Wanazuoni wamekubaliana kuwa mkopo uliowekewa sharti la kumnufaisha mkopeshaji ni riba. Atakaye faida ya halali na auze nyavu kwa bei inayojulikana na kulipwa kidogo kidogo, au akodishe chombo kwa ujira maalumu, kisha amwache mvuvi auze samaki wake apendapo.

Dhulma ya pili yatia haya kuitaja, lakini kuinyamazia ni kuilea. Katika fuo za Ziwa Victoria, kwa miaka mingi imejulikana kwa jina la jaboya: mwanamke hapati samaki mpaka awe na uhusiano wa kimwili na mvuvi. Maradhi ya Ukimwi yamepita katika mlango huo na kuacha mayatima wengi. Nasi wa Pwani tusijione tumesalimika. Penye samaki wachache na wanunuzi wengi, fitina haiko mbali. Mara nyingi mimbarini tumemlaumu mama kwa kwenda ufuoni, tukamsahau aliyewashika samaki mkononi. Zina ni haramu kwa wote wawili, lakini anayeifanya kuwa bei ya riziki ya mwenziwe ameongeza dhulma juu ya uchafu. Dawa yake ni mnada wa wazi na mizani mbele ya macho ya watu. Aya za mwanzo za Surat Al-Mutaffifin zatosha kumtisha mpunjaji.

Dhulma ya tatu iko nyumbani. Mama anarejea usiku, macho mekundu kwa moshi, na mume anazidai fedha za mauzo kana kwamba ni zake. Kesho mtaji hakuna. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 32, Mwenyezi Mungu amewathibitishia wanaume fungu la walichochuma, na wanawake fungu la walichochuma. Matunzo ya nyumba ni wajibu wa mume, hata mke awe tajiri. Zainab, mke wa Abdullah bin Mas'ud, alipouliza kuhusu kumpa mumewe mali yake, Mtume (S.A.W.) alimbashiria ujira mara mbili: wa ujamaa na wa sadaka. Sadaka hutolewa kwa ridhaa. Haichukuliwi kwa nguvu. Na Bibi Khadija (R.A.) alikuwa mfanyabiashara mwenye mali yake kabla ya kuolewa na Mtume, naye akaitoa kwa moyo wake kuinusuru dini.

Basi nasaha yetu ni hii. Ewe mvuvi, uza kwa haki na uogope siku ya hesabu. Ewe tajiri, mpe nafasi mwenye dhiki bila kumfunga shingo. Ewe mume, mshukuru mkeo kwa akupacho, na usiuguse mtaji wake. Nanyi maimamu wenzetu wa vijiji vya bahari, teremkeni ufuoni siku ya mnada. Hutuba nyingine huhitajika pale, penye mizani.

Ewe Mola wetu, tubarikie riziki ya bahari na utukinge na kula haki ya mnyonge. Amin.