Angani, mwenye haraka huachwa nyuma

Juzi baada ya Isha, mwanangu wa kidato cha pili aliniuliza: "Baba, chombo cha angani kikitaka kukifikia kilicho mbele yake hufanyaje?" Nikamjibu bila kusita kuwa kinaongeza mwendo tu. Nilikosea, lakini si mimi wa kwanza.

Juni 1965, Mmarekani James McDivitt wa Gemini 4 alijaribu kukisogelea kipande cha roketi kilichowapandisha juu. Kila alipokielekea, kilizidi kumponyoka. Mafuta yakapungua, ikabidi aache.

Sababu ni hii: chombo kinachoizunguka dunia kikiongezwa kasi, hupanda. Huko juu njia ni ndefu na mwendo ni wa polepole, kwa hivyo huachwa. Anayetaka kumfikia mwenzake hupunguza kasi kwanza, akashuka kwenye njia fupi yenye mbio zaidi, kisha akapanda kidogo kidogo. Haraka haraka haina baraka. Kwetu ni methali, kule ni hesabu.

Desemba mwaka huo, Walter Schirra na Thomas Stafford wa Gemini 6A waliifuata hesabu hiyo wakaisogelea Gemini 7 hadi kama sentimita 30. Machi 16, 1966, Neil Armstrong na David Scott wakaiunganisha Gemini 8 na Agena, chombo kisicho na mtu. Nusu saa haikutimia, wakaanza kuzunguka. Walipojitenga, wakazunguka kama pia, karibu mara moja kila sekunde. Injini moja ndogo ilikuwa imekwama. Armstrong alijiokoa kwa injini za akiba ya kurudia, wakashuka siku hiyo hiyo.

Kutoka nje nako kulikuwa na mtihani wake. Juni 1966, Eugene Cernan wa Gemini 9A alikosa pa kujishikiza: akisukuma kitu, naye anasukumwa. Akalowa jasho, kioo cha kofia kikajaa ukungu, haoni. Novemba, Buzz Aldrin wa Gemini 12 alikuwa amejizoeza ndani ya bwawa la maji, na chombo kimetiwa vishikio na pa kukitia miguu. Alifanya kazi kwa utulivu.

Bila mafunzo hayo, Apollo 11 isingethubutu mwaka 1969. Waliotua mwezini walilazimika kupanda na kuungana na mwenzao aliyekuwa akizunguka juu. Wakimkosa, hawarudi.

Asubuhi nilimwambia mwanangu kuwa nilimdanganya bila kujua. Wazazi wenzangu, tusione haya kusema "nilikosea". Hata hao walifika mwezini kwa kukosea kwanza.