Programu Moja, Mashine Yoyote

Makuti yashonwayo huku Msambweni si unayajua? Kuti likishashonwa kwenye ufito wake haliulizi litaezeka nyumba ya nani. Kibanda cha Gazi au hoteli ya Diani, ni lile lile.

Programu za kompyuta hazikuwa hivyo. Mwenzetu akitengeneza chemshabongo kwenye kompyuta yenye prosesa ya Intel, kisha akaipeleka kwenye Raspberry Pi yenye prosesa ya ARM, ng'o! Haifunguki. Kompaila huyageuza maandishi yake kuwa amri za prosesa ya aina moja, na nyingine haizielewi.

Dawa yake ni WebAssembly, kwa kifupi Wasm. Ilitangazwa mwaka wa 2015, na Disemba 2019 shirika la W3C likaipitisha rasmi. Hapa kompaila hutoa amri za mashine ya kubuni tu, isiyouzwa duka lolote. Kila kompyuta huwekewa mkalimani wake wa kuzigeuza amri hizo ziwe zake. Faili lenye amri hizo ndilo moduli. Mwaka huo huo wa 2019 ukaja mpango wa WASI, unaoiwezesha moduli kufanya kazi nje ya brauza, hata kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi zilizoko mbali.

Kifaa kimoja cha kuundia moduli hizo ni Spin, cha bure, kilichotolewa na kampuni ya Fermyon mwaka wa 2022. Ukiandika «spin new» unapata kiunzi cha kuanzia. «Spin build» hukuundia moduli. «Spin up» huiwasha papo hapo mezani kwako. Ukiridhika, moduli ile ile ndiyo inayopanda winguni.

Lakini lililonipendeza mimi ni adabu yake. Moduli ni mgeni wa barazani: haigusi mafaili yako wala haipigi hodi kwa jirani mtandaoni mpaka mwenye nyumba aruhusu. Ruhusa huandikwa katika faili liitwalo spin.toml, kila anwani ikitajwa. Chemshabongo ikijaribu kudokoa majina ya wanafunzi na kuyatuma kusikojulikana, anwani hiyo haimo, basi inagonga mwamba.

Tusidanganyane, lakini. Pasipo mkalimani moduli haifanyi lolote. Na ukikosea hesabu, kosa husafiri nayo: litakuwa kosa Kwale, kosa Diani, kosa London.

Anayetaka kuhakikisha kwamba faili ni la Wasm kweli atazame baiti nne za mwanzo: sufuri, halafu herufi a, s, m.