Kabla ya Kukopa Pazia, Angalia Uvunguni

Mwezi wa Shaaban ukiingia, Shimoni huanza kusikika ufagio. Mikeka inatolewa nje, sufuria zinasuguliwa, na mafundi cherehani kutoka Ukunda hadi Lunga Lunga wanalala na kazi za mapazia mezani. Hapo pia ndipo maswali ya mikopo ya simu yanapoanza. Nikope ngapi nibadilishe kochi? Nikope ngapi nipake rangi sebule nzima kabla ya Ramadhani?

Jibu letu ni fupi: usikope bado. Toa kwanza. Nyumba nyingi hazikosi vitu, zimejaa, na ndani ya huo msongamano mna pesa. Ukiuza visivyotumika unapata nafasi, na unapata pesa ya chokaa vilevile. Mkopo wa mapazia una tabia moja mbaya: unaendelea kulipwa hata jua likishayapausha. Na kwa kuwa miaka hii Shaaban inaangukia karibu na kufunguliwa kwa shule Januari, mkopo huo unakutana uso kwa uso na karo.

Anza na uvungu wa kitanda au stoo, siyo sebule. Sebule ndiyo inayoonekana na wageni, kwa hivyo hiyo haijachafuka sana. Mambo yote yamesukumiwa nyuma. Chagua asubuhi isiyo na mvua, toa kila kitu uani, kisha usirudishe kitu ndani mpaka mtu mmoja wa nyumbani aseme kilitumika lini mara ya mwisho. Kama hakuna anayekumbuka, basi jibu mnalo.

Kwa nyumba ya mvuvi tunajua yatakayotoka: madumu, sanduku la barafu lililopasuka mfuniko, vipande vya injini ya boti, feni inayongoja kutengenezwa tangu mwaka juzi. Hivi vya chuma ndivyo vya kuharakisha. Hewa ya chumvi haingoji mtu. Feni iliyolala Nairobi miaka miwili bado ni feni. Iliyolala Shimoni miaka miwili ni kutu yenye waya. Wanunuzi wa vyuma chakavu hupima kwa kilo, basi wapigie wawili au watatu uulize bei, na kama una mizani ya samaki, pima mwenyewe kabla hajafika.

Wavu kuukuu usiutupe baharini wala kuuacha ufuoni. Wavu uliotupwa unaendelea kuvua peke yake, unanasa kasa na samaki, na sisi tuko mlangoni mwa hifadhi ya Kisite-Mpunguti, ambayo ndiyo inayoleta wageni wanaopanda boti hapa gatini. Kipande kizima kinafaa kuzungushia kuku au mchicha. Kama ni juya, usimuuzie mtu: uvuvi wa juya umepigwa marufuku.

Kuna kitu kimoja ambacho tungependa ukirudishe ndani hata kama kinakula nafasi. Ni kasha la bibi, au mlango wa nakshi uliolazwa nyuma ya choo. Akitokea mtu na pikapu akakupa bei ya papo hapo kwa vitu kama hivyo, mwambie arudi wiki ijayo. Chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi za Taifa ya 2006, kitu kilichotengenezwa Kenya au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895 kinahesabiwa kuwa mali ya kale, na biashara yake si kama kuuza meza ya plastiki. Waulize watu wa Makavazi kule Fort Jesus, Mombasa, kabla ya kukubali chochote.

Simu ya zamani nayo ni ya kuuza, lakini si hivihivi. Toa laini na kadi ya kumbukumbu, ondoa akaunti zako, kisha irudishe kwenye hali ya kiwandani. Ukikuta laini ambayo huitumii tena, kumbuka kwanza imeunganishwa na nini. Kama ndiyo nambari uliyoandikisha benki au kwenye chama, ibadilishe huko kabla ya kuiacha ife, kwa sababu nambari isiyotumika muda mrefu inaweza kupewa mtu mwingine.

Pesa isipoingia, mali isitoke

Sasa umeweka picha ya friji kwenye kikundi cha WhatsApp. Mnunuzi anafika magharibi, ana pikipiki inayonguruma nje, ana haraka. Anakuonyesha simu yake: "Mama, nishatuma, angalia hapa." Jina lako lipo, kiasi kipo. Friji inafungwa kamba, inaondoka. Kesho yake unakwenda kwa wakala kutoa, salio ni lile la jana.

Meseji iliyo kwenye simu yake si malipo. Hata meseji iliyoingia kwenye simu yako si malipo kama imetoka kwa nambari ya kawaida ya mtu, maana mtu yeyote anaweza kuandika maneno yanayofanana na yetu. Kitu kimoja tu ndicho cha kuamini: fungua menyu mwenyewe, uangalie salio lako. Kama mtandao unasumbua, angojee. Mnunuzi wa kweli atakunywa chai. Anayekataa kungoja dakika kumi kwa friji ya maelfu ameshakujibu.

Na akipiga simu baadaye akisema ametuma zaidi kimakosa, umrudishie nusu, usitume chochote kwa mkono wako. Angalia salio, kisha mwambie awasiliane na huduma kwa wateja ombi lake lishughulikiwe huko. Nambari yako ya siri haihitajiki katika hatua hata moja ya kupokea pesa. Anayeiomba ni mwizi, hata akijitambulisha kwa jina letu.

Ukuta unataka kupumua

Tuseme, kwa mfano tu, vitu vyako vimeleta shilingi 4,000. Usizichanganye na pesa za unga. Zihamishe kwenye akiba ya simu siku hiyohiyo, kisha ulipe kutoka hapo: vifaa kwa nambari ya tili ya duka, ujira kwa simu ya fundi. Usimpe fundi pesa za vifaa akakununulie. Nunua wewe, naye mlipe kwa awamu, ya mwisho kazi ikishakaguliwa. Meseji za malipo zihifadhi. Mkibishana juu ya kilicholipwa, hizo ndizo shahidi.

Na hapa tunasema wazi tunachopendelea: chokaa. Nyumba za mawe za zamani huku zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, ndugu wa mwamba wenye mapango yaliyoipa Shimoni jina. Jiwe hilo hunywa unyevu na kuutoa. Ukilifunika kwa rangi ya mafuta, unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inasukuma kutoka ndani, na baada ya mvua rangi inavimba na kubanduka kama ngozi iliyoungua jua. Chokaa huuacha ukuta upumue, ukungu hauipendi, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na kopo la rangi.

Nunua chokaa iliyokwisha kuzimwa, ya unga. Ikoroge na maji, ilaze usiku kucha, ichuje kwa kitambaa. Wengine hutia buluu kidogo ya kufulia ili weupe ung'ae. Sugua ukuta kwa brashi ngumu, utoe ungaunga wote, kisha uloweshe. Ukuta mkavu huinyonya chokaa kabla haijashika. Paka nyepesi, kama maziwa, acha hadi kesho, paka tena, mara tatu. Kwa mara ya kwanza itaonekana kama haijafanya kitu. Usiongeze uzito, ngoja ikauke. Vaa glavu, funika macho, watoto wakae mbali, maana chokaa inachoma. Juu ya rangi ya mafuta haishiki. Hiyo lazima ikwanguliwe kwanza.

Wakati wake ni huu wa kaskazi, kabla ya mvua kubwa za Aprili, lakini upake asubuhi au alasiri. Jua la saa saba huikausha haraka ikawa vumbi.

Baki ya pesa, kama ipo, tunaipeleka kwa wasukaji. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, kikapu kimerudi sokoni, lakini wengi hawakukirudisha nyumbani. Vikapu viwili vikubwa vya ukili vinapokea nguo za watoto na viatu vilivyotapakaa mlangoni, kwa bei ambayo kabati haliigusi. Leso zilizochakaa pindoni zina katikati nzima: fundi cherehani atatoa foronya mbili kwa moja. Mkeka mpya uagize mapema, kwa sababu ukili husukwa kwanza ndipo ushonwe, na hiyo ni kazi ya siku nyingi. Lipa nusu unapoagiza, nusu unapouchukua, na kabla ya kutuma hakikisha jina linalotokea kwenye simu ni la msukaji mwenyewe.