Utangulizi: Kusoma na Kukusanya Vitabu vya Mwongozo wa Reli

Itumbe ni nchi ya majani chai, na garimoshi halijawahi kupita hapa. Reli iliyotoka Mombasa ilifika ziwani Kisumu mwaka 1901, ikatuacha sisi wa Gusii pembeni. Hata hivyo namkaribisha msomaji katika uwanja huu akiwa papa hapa, kwa kuwa aliyeachwa nje ya ramani huwa mwepesi kuona ramani hiyo ilichorewa nani.

Wajapani walichorea wananchi wao. Mwongozo wa reli uliotolewa na serikali yao mwaka 1921 ulipambwa na Yoshida Hatsusaburo, aliyechora milima, bahari na stesheni kana kwamba anaitazama nchi kutoka angani. Sijaona michoro ya reli inayoizidi.

Kwetu mlengwa alikuwa mgeni. Bango la Uganda Railway la mwaka 1908 hivi liliwaalika makabaila wa Uingereza waje kuikimbia baridi ya kwao katika nyanda zetu za juu. Januari mwaka huo huo Otenyo, mpiganaji wa Gusii, alimchoma mkuki Northcote, afisa wa serikali ya kikoloni, na majeshi yakaja Gusii kuchoma nyumba na kuswaga ng'ombe. Anayelitazama bango bila kukumbuka mkuki ameona nusu tu. Hilo ndilo ninaloliona kuwa kiini cha taaluma hii.

Anayeanza atazame kwanza jina la shirika kwenye jalada. Uganda Railway ni kabla ya katikati ya miaka ya 1920. Kenya and Uganda Railways and Harbours, waliotoa mwongozo wa wasafiri katika miaka ya 1930, ni kabla ya 1948. East African Railways and Harbours ni baada ya hapo. Kisha akunjue ramani polepole. Hiyo ndiyo huchanika mapema, hasa mikunjo inapokutana, na gundi ya selotepu huiharibu zaidi kuliko mchaniko wenyewe. Matangazo ya hoteli na maduka asiyapuuze: humo mna bei, na bei husema ni nani aliyetarajiwa kusafiri.

Makumbusho ya Reli ya Nairobi yamekuwepo tangu 1971, lakini karatasi nyingine ziko masandukuni mwa familia za wafanyakazi wa reli. Ukiona moja, andika kwa penseli ilitoka kwa nani na wapi, kabla mchwa au mnunuzi wa ng'ambo hajakutangulia.