Farouk Al-Kasim: Alikuwa akisubiri treni tu, akaishia kubadili historia ya mafuta ya Norway

Hebu fikiria umefika nchi ngeni asubuhi, na treni ya kukupeleka ukweni inaondoka jioni. Ungefanya nini kutwa nzima?

Farouk Al-Kasim, mzaliwa wa Basra, Iraq, aliamua kwenda kubisha hodi wizarani. Hiyo ilikuwa Oslo, mwaka 1968.

Kwa nini aliondoka Iraq?

Al-Kasim alisomea mambo ya mafuta Imperial College, London, na hukohuko akampata mkewe Solfrid, Mnorway. Walirudi Iraq, akapata cheo kizuri katika Iraq Petroleum Company, iliyomilikiwa na makampuni ya Magharibi.

Lakini mtoto wao mdogo alizaliwa na mtindio wa ubongo, na huduma aliyoihitaji ilikuwa Norway. Basi wakaacha kila kitu, wakahama.

Wizarani alikuta nini?

Alichotaka ni orodha tu ya kampuni za mafuta ili aombe kazi. Kumbe wizara yenyewe ilikuwa na watu wachache mno wa kushughulikia mafuta, huku taarifa za visima vya Bahari ya Kaskazini zikizidi kuletwa na makampuni. Wakampa yeye kazi ya kuzichambua.

Mwaka 1969 kampuni ya Phillips ikagundua Ekofisk, kisima cha utajiri wa Norway.

Al-Kasim alishiriki kuandaa sera ya namna ya kuusimamia utajiri huo. Mwaka 1972 Bunge likaunda vyombo viwili: Statoil, kampuni ya taifa ambayo leo inaitwa Equinor, na Kurugenzi ya Petroli ya kuwasimamia wote. Yaani mchezaji awe mbali na refa. Yeye akawa mmoja wa wakurugenzi upande wa refa.

Vita ya maji

Watu wengi hudhani mafuta yamekaa chini kama maji kwenye tangi. Sivyo. Yamejificha ndani ya mwamba, mithili ya maji kwenye sponji. Ukiyavuta, presha inashuka, na mengi hubaki hukohuko milele.

Ekofisk ilikadiriwa kwamba chini ya asilimia 20 ya mafuta ndiyo yangetoka. Al-Kasim alishinikiza maji yasukumwe chini ili yayafukuze mafuta. Haikuwa rahisi, maana mwamba wa pale ni chaki, laini, na usukumaji huo ni gharama kubwa.

Kazi ilianza kwa kiwango kikubwa mwaka 1987. Leo makadirio ni karibu nusu ya mafuta yote. Na katika Ekofisk, kila asilimia moja ni makumi ya mamilioni ya mapipa!

Mwaka 2012 Norway ilimtunuku nishani ya Mtakatifu Olav.

Sisi inatuhusu nini?

Equinor hiyohiyo ni miongoni mwa kampuni zilizogundua gesi kwenye kina kirefu cha bahari ya Tanzania. Rasilimali tunayo. Kisa cha Al-Kasim kinatukumbusha kwamba unahitaji pia mtu wako mwenyewe, anayeweza kusoma takwimu za kampuni na kuwaambia: hapana, hesabu hii rudieni.