Tairi ya Pikipiki Idumuyo

Zamani aliyetaka kutoka Panda kwenda mjini Likasi alikwenda kwa miguu, au kwa baiskeli kama alikuwa nayo. Leo mtu husimama kando ya njia, huinua mkono, na mara pikipiki husimama mbele yake. Hapa kwetu Haut-Katanga dereva wa pikipiki ya abiria huitwa manseba, na neno hilo katika lugha za wazee ni mjomba. Ni jina zuri, kwa maana mjomba ndiye hubeba watoto wa dada yake. Tena si manseba peke yake anayeitumia pikipiki. Mwalimu huenda nayo shuleni, mfanya kazi wa kiwanda huenda nayo Shituru, mama muuza samaki huchukua nayo bidhaa zake mpaka Kikula.

Pikipiki hizo zote zasimama juu ya mipira miwili tu. Mahali panapogusana tairi na ardhi, kila upande, si papana kupita kiganja cha mkono. Juu ya viganja viwili hivyo wamekaa baba, mtoto wa shule na kapu la chakula. Basi yafaa tufikiri kidogo jinsi ya kuchagua tairi, maana watu wengi huuliza bei tu, na wakisikia ndogo hufungua mfuko.

Neno la kwanza ni hili: tairi ya bei ndogo na tairi ya gharama ndogo si kitu kimoja. Natutoe mfano wa hesabu, kama wanafunzi wafanyavyo shuleni; tarakimu hizi ni za mfano tu. Tuseme tairi moja yauzwa dola 20 nayo yaisha baada ya kilomita 8,000. Nyingine yauzwa dola 32, nayo yaisha baada ya kilomita 16,000. Manseba akienda kilomita 100 kila siku, siku 6 kwa juma, kwa mwaka hupata kilomita 30,000 au zaidi kidogo. Kwa mwendo wa kilomita 32,000 atanunua tairi nne za namna ya kwanza, yaani dola 80. Za namna ya pili mbili tu, yaani dola 64. Tena kila mara tairi inapobadilishwa kuna ujira wa fundi na saa zinazopotea bila abiria. Lakini yule mwalimu aendaye kilomita 15 kwa siku hafikishi hata kilomita 5,000 kwa mwaka. Kwake yeye tairi huweza kuzeeka kwa jua kabla ya kuisha meno. Kwa hiyo kila mtu na ahesabu kwanza safari zake mwenyewe.

Sasa tuitazame tairi yenyewe. Ubavuni pameandikwa maneno na tarakimu nyingi, na muuzaji hatusomei. Kwenye pikipiki ndogo zilizoenea kwetu, za nguvu ya sentimita za ujazo 100 au 125, mara nyingi utaona 2.75-17 mbele na 3.00-17 au 3.00-18 nyuma. Tarakimu ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi, ya pili ni kipenyo cha rimu. Nyingine huandikwa 90/90-18: upana milimita 90, kimo ni sehemu 90 kwa mia ya upana huo, na rimu ya inchi 18. Usidanganywe kuweka tairi pana kuliko ile iliyoagizwa na kiwanda, eti ina nguvu. Juu ya rimu nyembamba tairi pana hubanwa ikawa ya duara kupita kiasi, hugusa mnyororo au bati la matope, na huisha katikati tu.

Baada ya kipimo huja alama nyingine, kwa mfano 50P. Hapa ndipo penye jambo kubwa, na wachache hulijua. Tarakimu ni fumbo la uzito: 41 maana yake kilo 145, 47 ni kilo 175, 50 ni kilo 190, 57 ni kilo 230. Herufi ni mwendo: J ni kilomita 100 kwa saa, L ni 120, P ni 150. Kuhusu mwendo tusisumbuke sana, kwani nani atakimbia kilomita 150 katika njia zetu? Kuhusu uzito tusumbuke. Pikipiki yenyewe tuseme ina kilo 115. Dereva kilo 70, abiria wawili kilo 140. Jumla ni kilo 325. Na kwa sababu abiria hukaa nyuma, theluthi mbili za uzito huo, yaani kilo 217 hivi, hulemea gurudumu la nyuma. Tairi ya 50 iliahidi kubeba kilo 190. Ukiongeza gunia la makala, umeionea. Itapata joto, nyuzi zake za ndani zitalegea, na ubavu utatoka uvimbe kama jipu. Kisha watu husema tairi za siku hizi hazina nguvu! Anayejua kwamba kazi yake ni kubeba na atafute tairi ya tarakimu kubwa zaidi katika kipimo kile kile, mara nyingi ile iliyoandikwa 6PR, au zaidi ya hiyo.

Tena kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu, baada ya herufi DOT. Hizo ni cheti cha kuzaliwa. 2324 maana yake juma la 23 la mwaka 2024. Mpira huzeeka hata ukikaa dukani, hasa ukining'inizwa nje ya duka katika jua la kiangazi. Tairi ya zaidi ya miaka mitano iache, hata iking'aa namna gani. Pengine imepakwa mafuta ya kung'arisha. Ikunje kwa mikono, utazame kati ya meno na ubavuni. Ukiona nyufa ndogo ndogo kama za udongo mkavu, mshukuru muuzaji uende zako.

Kwa nini mpira ni mweusi? Watoto hupenda kuuliza hivyo, na jibu lake latusaidia. Utomvu wa mti wa mpira si mweusi. Tairi za kwanza zilikuwa na rangi ya kijivu au nyeupe, nazo zilikwisha upesi mno. Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba mpira ukipikwa pamoja na salfa haulainiki tena kwa joto wala haukatiki kwa baridi. Salfa hiyo ni ile ile ya manjano iletwayo na malori mpaka migodi ya Katanga, ambako hugeuzwa kuwa asidi ya kuyeyushia shaba. Katika miaka ya 1880 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo huko Belfast, alitengeneza mpira wa upepo kwa ajili ya baiskeli ndogo ya magurudumu matatu ya mwanawe. Kiu ya ulimwengu ya mpira ilizidi, na nchi yetu ilijua uchungu wake: katika siku za Dola Huru ya Kongo, 1885 hata 1908, watu walilazimishwa kwa mijeledi na bunduki kwenda msituni kukamua mitambaa ya mpira, na wengi mno walikufa. Baadaye, katika karne ya 20, viwanda viliona kwamba masizi laini yakichanganywa na mpira huufanya udumu mara nyingi zaidi. Ndiyo sababu ya weusi.

Basi nguvu ya tairi hutoka katika mchanganyiko huo. Mpira mgumu huisha polepole, lakini hushika njia kidogo. Mpira laini hushika vizuri, lakini huisha upesi. Hakuna kiwanda kilichoweza kuepa ubishi huo kabisa. Muuzaji atakuambia, “Papa, hii ni ngumu sana, utaichoka wewe.” Maneno yake yaweza kuwa kweli, lakini mvua za Novemba zitakapoanza na lami ikawa na matope mekundu yaliyoangushwa na malori ya madini, ugumu ule utateleza kama sabuni. Kwa maoni yangu yafaa tugawe: nyuma weka tairi iliyo ngumu na yenye kubeba, kwa kuwa gurudumu la nyuma ndilo lisukumalo na kuliwa upesi; mbele weka iliyo laini kidogo na nzuri zaidi unayoweza kulipia. Gurudumu la mbele ndilo lenye kuongoza, na breki ya mbele ndiyo yenye nguvu ya kusimamisha. Nyuma ikiteleza, mara nyingi dereva hujiokoa. Mbele ikiteleza, ameanguka. Na watu wengi hufanya kinyume: huichukua tairi ya nyuma iliyochakaa wakaihamishia mbele.

Kuhusu meno, tazama njia yako. Akaaye mjini na kwenda Kambove au Lubumbashi kwa barabara ya taifa namba 1 apaswa kuchagua tairi yenye meno mapana yaliyokaribiana, na mifereji ya kutolea maji. Meno marefu yaliyoachana kama vidole, yale ya kupandia milima, hupendeza macho ya vijana, lakini juu ya lami ni machache yagusayo chini, nayo huliwa haraka kama chaki ubaoni. Hayo ni ya mtu aingiaye kila siku katika njia za udongo za vijijini na mashambani. Kwetu sisi wengi, ambao nusu ya njia ni lami na nusu ni mashimo ya mtaani, meno ya wastani yatosha.

Tairi njema ikiisha kununuliwa, inaweza kuuawa kwa mwezi mmoja. Muuaji mkubwa ni upepo pungufu. Tairi isiyojaa hukunjwa na kukunjuliwa kila inapozunguka, hupata joto, na huisha pembeni. Iliyojaa kupita kiasi huisha katikati, tena hurukaruka juu ya mawe. Kwa pikipiki ndogo, viwanda vingi huagiza psi 25 hivi mbele, na 28 hivi nyuma kwa dereva peke yake, na zaidi akipakia mtu. Soma kitabu cha pikipiki yako au kibao kilicho juu ya kifuniko cha mnyororo. Pima asubuhi tairi ikiwa baridi, angalau mara moja kwa juma. Kuibonyeza kwa kidole cha gumba au kuipiga teke hakutoshi. Kipimo kidogo cha upepo hakina bei kubwa, na manseba watatu au wanne wa kituo kimoja waweza kuchanga wakanunua kimoja.

Unapokwenda kwa kwado kuvalisha tairi mpya, mwombe aweke na mpira wa ndani mpya. Ule wa zamani umetanuka; ndani ya tairi mpya utajikunja, na penye mkunjo utatoboka. Tazama mshale ubavuni: uelekee upande gurudumu linakozunguka. Fundi na apake maji ya sabuni ukingoni, asipake girisi, wala asishindane na tairi kwa bisibisi yenye makali. Na kwa kilomita 150 za kwanza nenda taratibu, usilalie kona, kwani ngozi ya tairi mpya ni laini na yateleza mpaka ikwaruzwe na njia. Mnyororo uliokazwa upande mmoja, gurudumu lililopinda na breki ya kushtukiza nazo hula tairi, lakini hayo fundi wako anayajua.

Itakwisha lini? Ndani ya mifereji mna vijiti vidogo vya mpira, na ubavuni mahali pake pameandikwa TWI. Meno yakilingana na vijiti hivyo, tairi imekwisha, hata kama bado ina upepo. Wako mafundi wachukuao kisu cha moto wakachonga mifereji mipya katika tairi iliyokwisha, kisha huuzwa kama tairi nzima. Mifereji hiyo imechimbwa katika unene uliobaki wa kulinda nyuzi. Utaitambua kwa kuwa mistari yake haikunyoka sawa, na vijiti vya TWI havionekani tena. Hiyo usiinunue hata kwa bei ya mkate, na kama una watoto usiwapakie juu ya pikipiki iliyovaa tairi hiyo.

Tairi yako nzee ikate kabla ya kuitupa, ili asije mtu akaiokota na kuichonga, tena isije ikashika maji ya mvua na kulea mbu nyuma ya nyumba. Usiichome moto, kwa maana moshi wake ni sumu. Mpe mshona viatu. Mpira wake huweza kutoa nyayo za ndara.